Aliye Juu Haitwi Jina

Wenzangu mliokulia miaka ile ya redio ya mbao na uji wa shule mtakumbuka kwamba kila kijiji kilikuwa na makatazo yake. Kwetu Msimbu, Kisarawe, tulikatazwa kupiga mluzi ndani ya nyumba, tulikatazwa kukalia kinu, na ukifagia jioni uchafu uliuacha nyuma ya mlango hadi asubuhi. Mengi ya hayo tuliyavunja na hakuna kilichotupata. Lipo moja tu ambalo sijalivunja mpaka leo, na ndilo linalonifanya niandike haya leo: mtu akiwa juu ya mnazi haitwi jina.

Ukimwita, atageuza shingo. Akigeuza shingo, goti linalegea, na mnazi haumsubiri mtu mwenye goti legevu. Baba mmoja wa kitongoji cha pili aliitwa na mkewe aje ale, ugali usipoe. Ugali ule ulikuja kuliwa na waliofika msibani. Kwa hiyo sisi watoto tulifundishwa mapema: aliyepanda anaitwa wa juu, aliyebaki anaitwa wa chini. Kazi ya wa chini ni kuweka kiganja kwenye shina na asikiondoe, na kuongea. Aongee lolote, habari za kuku, habari za shule, mradi wa juu asikie sauti ya mtu na ajue ardhi iko upande gani. Wa juu akishuka anakanyaga chini kwa kisigino kitupu, analipiga shina kofi, anasema, "Niite." Hapo wa chini humwita jina lake lote, lake na la baba yake, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, kama vile anamkabidhi tena kwa watu.

Naandika haya nikiwa kwenye meza yangu ya chai na vitumbua hapa stendi ya Kwa Mathias, Kibaha, na rafiki yangu yuko juu. Hayuko juu ya mnazi. Yuko Mlima Kilimanjaro, na umri wake ni wa kukaa kibarazani na wajukuu, na ilikuwa awe ameshuka tangu jana. Simu yake haipatikani. Kwa hiyo msinidai jina lake. Nitamwita wa juu mpaka atakaponiambia vinginevyo.

Nyumba ya bibi yake ilitazamana na yetu. Baba yangu alikuwa mwinjilisti, alitoka Maneromango akaletwa Msimbu na kanisa lake akiwa na baiskeli, Biblia na sisi watoto. Wao walikuwa Waislamu wenyeji wa pale tangu enzi ambazo hakuna aliyezikumbuka. Ramadhani nilifuturu kwao, Krismasi alikula pilau kwetu, na hakuna aliyetuuliza kwa nini. Asubuhi tulikwenda shule na jembe begani na fagio la chelewa mkononi, na mwalimu wa zamu akikuta kucha ndefu alizipiga kwa upande mwembamba wa rula. Mchana tulirudi tukinusa. Pua ilitangulia mwili. Ukifika penye mwembe bado, ukifika penye nyumba ya fundi cherehani ndio unasikia harufu ya tui linalochemka, na ukiisikia unatembea kwa adabu kama mtu asiye na njaa.

Sasa basi, ulikuja msimu ambao mkwezi hakuja kuangua nazi. Mkwezi wetu alikuwa anatoka mbali na alikuja anapotaka. Nazi zilikomaa, zikakauka, zikawa zinadondoka zenyewe usiku na kututisha, nyingine zinabebwa na wapita njia. Bibi akawa anatupikia kunde chukuchuku, bila tui. Anayejua kunde chukuchuku anajua. Zinateremka kooni kama changarawe. Rafiki yangu alikula siku ya kwanza akamaliza. Siku ya pili akaweka kijiko chini akasema, "Kiherehere, njoo ushike shina."

Kiherehere ndiyo mimi. Jina hilo alinipa yeye kwa sababu ya maswali yangu, na nimezeeka nalo.

Akapiga winda kanga ya bibi yake, akafunga kamba miguuni kama alivyomwona mkwezi akifunga, akaanza. Nilikuwa naongea nini sijui. Nadhani nilimhesabia wanafunzi waliochapwa wiki ile. Kiganja kilikuwa kimelowa jasho mpaka naona kinateleza kwenye gome. Alikuwa amefika kwenye makuti, ameshaangusha koroma moja, nazi isiyokomaa, bibi yake akatokea shambani.

Lazima niwaeleze kwamba kwetu mwanamke hakukwea. Ilisemwa kwamba mnazi ukipandwa na mwanamke hupukutisha vidaka vyote, vile vinazi vichanga, na hauzai tena. Bibi alipoona kanga yake inaning'inia juu huko, alisahau kila alichotufundisha. Alimwita jina lake, lote, kwa ukali, akiongeza na la marehemu babu yake. "Shuka, utaniulia mnazi!"

Nilimwona anageuza shingo.

Hakuanguka. Alilikumbatia shina akaserereka nalo mpaka nusu ya mnazi, kisha kamba ikashika tena. Ngozi ya kifua na mapaja ilibaki kwenye gome. Kule juu hakulia, alikuwa anapumua tu, nasi chini tulikuwa tunausikia ule upumuaji. Bibi akakaa mavumbini na jembe lake, mikono kichwani, mdomo ameuziba kwa kanga asije akasema tena. Nikaendelea kuongea. Nilimaliza waliochapwa, nikaanza kutaja mbuzi wa kijiji kizima kwa rangi zao, mpaka kisigino chake kilipogusa chini. Akapiga shina kofi, damu inamtiririka, akasema, "Niite."

Bibi alimpaka mafuta ya nazi wiki nzima. Na kila asubuhi alikwenda kuutazama ule mnazi. Aliutazama kama mtu anayemtazama mgonjwa. Vidaka havikupukutika. Msimu uliofuata ulizaa hadi makuti yakalemewa. Ndipo siku moja Bibi akamwambia mjukuu wake, bila kumtazama, "Kwea na ule wa pili. Lakini huyo Kiherehere asitoke chini." Na tangu hapo hakuna aliyekuwa mkali wa lile katazo kuliko yeye. Mgeni akipita akataka kusalimia kwa jina, Bibi alimrushia kifuu cha nazi.

Nimesimama hapo kidogo. Limepita basi la kutoka Moshi. Nimempungia kondakta birika, akaja kunywa chai, nikamuuliza mlima ukoje. Amesema, "Mama, huko mvua tu. Mlima wenyewe hatujauona kwa mawingu." Nimemshukuru, nikasahau kumdai hela ya chai.

Turudi. Mimi shule niliiacha darasa la tano. Baba alihamishwa, mama akaugua, na mimi sikuwa mtu wa kukaa dawatini. Lakini sababu ya kweli ni yule wa juu. Kila alipofika kwenye makuti nilimuuliza, "Unaona nini?" na yeye alinijibu. "Naona treni." "Naona bahari, ina meli mbili, moja nyekundu." "Naona bati la misheni Maneromango, kuna mtu anapiga kengele." Alikuwa mwongo wa kutupwa. Kutoka Msimbu huoni Maneromango hata ukisimama juu ya minazi miwili. Lakini mimi niliamini, na nilipokua nikaenda kuvitafuta. Nimepika kwenye kambi za wajenzi wa barabara, nimeuza mitumba Tunduma, nimevuna korosho Mtwara, nimelala stendi nisizojua majina yake. Popote nilipofika nilikuwa nalinganisha na alichosema. Meli nyekundu niliiona Tanga. Nikacheka peke yangu watu wakanishangaa.

Siku moja alisema anaona mlima mweupe. Tulikuwa tumeoneshwa picha yake darasani, mwalimu akisema ile ni theluji, na sisi tukabishana kama inalika. "Una watu juu yake?" nikamuuliza. Nadhani alikuwa anatunga. Kisha akasema, "Yuko mmoja. Mwanamke."

Tulipokuwa wasichana wakubwa nilirudi Msimbu, tukapanda lori la nazi lililokuwa linakwenda Moshi. Tulikaa juu ya mzigo, tukila vumbi na kuimba, yeye akiwa ametoroka mchumba ambaye hakumtaka, mimi nikiwa sina cha kutoroka ila nilitaka kuona. Tukashusha nazi sokoni kukiwa kumetanda. Asubuhi mawingu yakafunguka, na ule mlima ukawa pale, umekaa juu ya mabati ya soko kama mtu aliyeketi hapo muda wote anatutazama. Mimi niliuliza maswali kumi. Yeye aliuliza moja tu. "Nani anakaa chini yake?"

Wabeba mizigo wa mlimani hujiita wagumu. Wakati ule walikuwa wanaume watupu. Alipokwenda getini kuomba mzigo walimcheka hadi wakakaa chini. Mmoja akamwambia, "Dada, huko juu hakuna jiko."

"Ndiyo maana nataka kwenda," akamjibu.

Wakampa furushi zito kuliko yote ili akome. Alilibeba kichwani, akapiga winda juu ya suruali ya kuazima, akaondoka nalo. Hivyo ndivyo msichana wa Msimbu alivyoanza, wa kwanza kwetu kufika kilele kile, na kwa miaka mingi mwanamke pekee kwenye kikosi chake. Baadaye akawa kiongozi wa wageni, na wazungu wenye ndevu wakawa wanatembea nyuma yake kama vifaranga. Mapafu yale aliyatoa kwenye minazi ya Bibi, na ile miguu inayokamata kama vidole vya mkono.

Mimi nilimfuata mara moja. Nilipata kazi ya kuosha sufuria za mpishi. Tulipofika kambi ya pili kichwa kikaanza kupasuka, nikatapika hadi nikaona nyota mchana. Alinikalisha juu ya jiwe, akanifunga kitambaa, akaniambia nirudi na wanaoshuka. Nikalia kwa aibu. Akasema, "Wewe ni wa chini. Wa chini akipanda, mimi nitajuaje ardhi iko wapi?"

Nikashuka. Na tangu siku ile tukawa na utaratibu wetu. Kila alipopanda alinitumia salamu, mwanzoni kwa madereva wa malori, baadaye kwa simu: "Naingia." Popote nilipokuwa nilitafuta mti nikauwekea kiganja, nikaongea. Nimeshika mikorosho, nimeshika miarobaini ya uani kwa watu. Makambako nilikosa mti karibu, nikashika nguzo ya umeme nikiihadithia bei ya viazi, mwenye duka akatuma mtu aniulize kama nina ndugu. Akishuka anapiga simu, anasema lile neno lake, namwita. Miaka yote hiyo sikupata kumpoteza hata mara moja, na ndiyo maana sasa naogopa. Mtu aliyepata kila mara hajui kukosa kunakujaje.

Alistaafu kwa sababu ya goti na presha, akaja kujenga hapa Kibaha, nyumba mbili kutoka kwangu. Tukajua tumetulia. Kisha mabinti aliowafundisha kazi, ambao sasa wanaongoza wageni wao wenyewe, wakamwalika apande nao mara ya mwisho. Daktari akamwambia hapana. Mimi nikamwambia hapana, tena kwa matusi. Akawa anapaka buti zake mafuta, anaitikia kwa kichwa.

"Goti lako hilo likikugomea huko?"

"Litakuwa limegoma mahali pazuri."

"Na mimi?"

Aliacha kupaka. Akasema, "Wewe shika shina."

Kwa hiyo nimeshika. Kibanda changu hiki kina nguzo ya mti upande wa barabara, na tangu alipotuma "Naingia" nakanda unga kwa mkono mmoja. Wateja wananung'unika vitumbua vimeungua upande. Naongea peke yangu, namhadithia mabasi yanayopita. Vijana wa bodaboda wamezoea sasa. Wanasema bi mkubwa anaongea na nguzo, mwacheni. Ni watoto wazuri hawa, ila wamezaliwa na vidole gumba vya simu tu. Hajui hata mmoja wao kufua nazi. Nazi wanaijua ikiwa imeshakunwa, imefungwa kwenye mfuko. Majuzi nilimwambia mmoja apande paa langu aweke jiwe juu ya bati, akaniambia atatafuta fundi.

Huyo huyo juzi alinijia anakimbia, simu ameiinua juu. "Bi mkubwa, rafiki yako amevuma! Yuko kileleni, wamemposti." Nikaona picha. Alikuwa katikati ya mabinti, midomo imepasuka kwa baridi, anacheka. Chini ya picha palikuwa na jina lake kwa herufi kubwa, na kijana akafungua mdomo alisome. Nilimziba kwa kiganja kilichojaa unga. Akanitazama macho yamemtoka, ndevu nyeupe.

"Usilitaje," nikamwambia.

"Sasa mama, watu elfu ngapi wameshalitaja humu!"

Hapo ndipo hofu iliponiingia. Maelfu wanamwita, naye bado yuko juu. Kwetu Bibi alikuwa anasema mnazi haumwangushi anayepanda, unamwangusha anayeshuka, maana anayepanda anautazama mti na anayeshuka anatazama nyumbani. Nikakaa kwenye ndoo. Yule kijana, sijui alielewa nini, akafuta unga, akaenda kuniletea maji. Tangu hapo anapita kila akishusha abiria, ananiuliza kwa sauti ya chini, "Wa juu vipi?" Namwambia bado.

Hapo ndipo nilipokuwa nimefika kuandika, simu ikaita. Namba ngeni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Nilitaka kumwambia ayaruke hayo.

"Mimi ni mmoja wa mabinti zake wa huku mlimani, mama. Tuko getini. Usishtuke. Goti lilikataa tukiwa tunashuka, tukamlaza njiani, leo tumemshusha kwa machela. Anatakiwa apelekwe hospitali lakini amekataa kupanda gari mpaka aongee na wewe."

Nikasikia simu inabadilisha mikono, na upepo.

"Kiherehere." Sauti ilikuwa yake, imekonda.

"Naam."

"Umeshika nini?"

"Nguzo ya kibanda."

"Haya. Niite."

Jina lilikuwa mdomoni kabisa. Nikalimeza. "Umekanyaga?"

"Wamenisimamisha. Nimekanyaga."

"Kwa kisigino kitupu?"

"Nina buti, shoga. Huku baridi."

"Vua."

"Goti limevimba kama papai na watu wazima wanne wamenishikilia hapa. Nivue buti?"

"Bibi angekuacha na buti?"

Nilimsikia anaguna, kisha anamwambia yule binti afungue kamba, na binti anacheka huku analia. Hapa kwangu chai ilikuwa inafurika jikoni, nami sikugeuka. Likapita basi, nikaziba sikio moja kwa bega. Kisha akavuta pumzi kali, kama mtu aliyetiwa mguu kwenye maji ya mtungi.

"Haya. Ardhi hii hapa. Niite."

Nikasimama. Nikaita kama nilivyoita nikiwa na kidonda cha goti na kaptula ya kaka yangu, bila kujali stendi nzima inageuka: "Sikudhani! Sikudhani binti Rajabu Ngwele!"

"Naam," akaitika. Aliivuta ndefu, kama zamani, mpaka ikakatika na simu.

Wapiga debe waliendelea kuita abiria. Yule kijana wa bodaboda alikuwa amesimama barabarani na abiria wake mgongoni, ameinua kidole gumba. Nawaza, hawa watoto wanaitwa majina mchana kutwa, wanasifiwa wakiwa bado nusu ya mti, na kila simu ikilia wanageuza shingo. Sisi tulikuwa wachache, hatukuwa na kitu, tulikula kunde chukuchuku. Lakini kila aliyepanda alijua yuko mmoja chini, amenyamazia jina lake, amelitunza mdomoni kama tonge la mgonjwa mpaka arudi. Sijui kama siku hizi mtu bado anatunziwa hivyo. Ile minazi ya Bibi ilishakatwa, pamepimwa viwanja.

Kiganja changu kilikuwa bado kwenye nguzo. Nilikibandua kidole kimoja kimoja.